Brashi Katikati ya Meno

Juni 1970, mwalimu kijana wa mazoezi ya viungo katika mji wa Takasaki, Japani, aliruka mbele ya wanafunzi wake kuwaonyesha namna ya kupinduka hewani, akaangukia kichwa. Tomihiro Hoshino alikuwa na miaka 24, na kazi yenyewe alikuwa ameianza miezi miwili tu iliyopita. Shingo ilivunjika. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki Aprili 2024 hakuinua tena mkono wala mguu. Alilazwa miaka 9, na alipotoka hospitali mwaka 1979 alikuwa Mkristo aliyebatizwa na mchoraji wa maua, brashi akiishika kwa meno.

Habari kama hii ikifika mimbarani kwetu haikawii kugeuzwa fimbo. Mtazameni mwenzenu, husema mhubiri, hana mikono na bado anamsifu Mungu. Wewe mwenye viungo vyote unalalamika nini? Waumini huitikia amina, wengine hufuta machozi, ibada huendelea. Picha yenyewe hakuna aliyeitazama. Sisemi machozi hayo ni ya uongo. Nasema yanamhusu anayelia, si aliyechora. Mzima ndiye anayerudi nyumbani amefarijika. Wachoraji wenye ulemavu walioyachora maumbile kwa ajili ya imani yao wametuachia kitu kigumu zaidi kuliko faraja, na hakionekani mpaka mtu akubali kuanza na karatasi na rangi, ndipo aje kwenye kiti cha magurudumu.

Hoshino alikulia Azuma, kijiji cha milimani mkoani Gunma, katika familia ya wakulima. Alipokuwa bado mwanafunzi wa sekondari, siku moja akipanda mlima na samadi ya nguruwe mgongoni, aliinua macho akaona kaburini msalaba mweupe, mpya, umeandikwa ule mwaliko wa Yesu kwa wote wanaosumbuka na kulemewa na mizigo. Alishangaa, akaendelea na mzigo wake. Miaka ikapita. Alipokuwa amelala hospitali asiweze hata kujigeuza, rafiki aliyesoma naye chuo kikuu alimletea Biblia. Hakuifungua mara moja. Alipoifungua alikutana na maneno yaleyale ya kaburini, na mwaka 1974 akabatizwa palepale wodini.

Uchoraji ulitangulia ubatizo, na ulianza kwa haja ndogo kabisa: barua. Watu walikuwa wakimwandikia, naye alitaka kuwajibu mwenyewe. Mwaka 1972 alianza kung'ata kalamu ya wino mzito iliyozungushiwa kitambaa, akiwa amelazwa ubavu, na mama yake akimshikia karatasi na kuisogeza kidogo kidogo kufuata ncha ya kalamu. Herufi chache zilimmaliza nguvu. Palipobaki nafasi kwenye karatasi, akachora ua. Lilikuwa ua lililokuwa kando ya kitanda, miongoni mwa yale yaliyoletwa na waliokuja kumjulia hali.

Wengi wakieleza kwa nini alichora maua husema ni kwa sababu maua yanamtangaza Muumba. Inawezekana. Lakini kabla ya hapo kuna sababu isiyo na utukufu wowote: maua ndiyo maumbile pekee yaliyoweza kumfikia. Mlima hauingii wodini saa ya kuona wagonjwa. Mtu aliyepooza kuanzia shingoni hawezi kukizunguka kitu akakiona kwa nyuma, wala kurudi hatua mbili ili akione kizima. Anakitazama kutoka pembe moja, kwa muda mrefu. Picha zake ni ndogo kwa kuwa shingo ina mwisho wake wa kugeuka. Kwa siku aliweza kufanya kazi saa chache tu, hivyo ua moja lilimchukua siku nyingi, na ua lililokatwa halimsubiri mtu. Jani linajikunja, petali inabadilika rangi kingoni. Hayo yote yanaingia kwenye picha. Ukizitazama kwa karibu utaona jani lililotobolewa na mdudu, bua lililopinda, chipukizi ambalo halikufunguka. Mtu mwingine angesahihisha. Yeye aliacha tundu lilipo.

Rangi nazo zina kisa chake. Baada ya kuoa mwaka 1981, mkewe ndiye aliyemchanganyia: mume anaeleza rangi anayoitaka, mke anachanganya na kumwonyesha, anaambiwa bado, anaongeza tone, mpaka ifanane na ile anayoiona mume kwenye petali. Kijani kimoja cha jani kingeweza kuchukua muda huo wote. Sahihi iliyo chini ya picha ni ya mmoja, lakini kazi imepitia mikono ya wawili, na kabla ya hapo ya mama. Paulo alipowaandikia Wakorintho kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono halina haja nao, sidhani kama alifikiria sahani ya rangi. Lakini sijaona mahali pengine andiko hilo likifanya kazi waziwazi namna hii, bila mtu kulihubiri.

Katika picha zake zote, ninayoirudia ni ile ya mmea ambao Wajapani huuita dokudami. Ni gugu. Huota penye kivuli na unyevu, kando ya njia na nyuma ya nyumba, na jani lake likisuguliwa hutoa harufu kali ambayo wengi hawaitaki karibu na pua. Ni dawa ya kienyeji pia; wanaoujua huuchuma, huukausha, hunywa maji yake. Maua yake yana vipande vinne vyeupe vilivyokaa kama msalaba, na hilo si pambo la mchoraji, ndivyo mmea ulivyo. Shairi fupi aliloandika pembeni linausemesha kama kiumbe aliyechukiwa kwa harufu yake, anayeishi kimya pembeni mwa njia akiitazama miguu ya wapita njia kutoka chini, mpaka atokee wa kumhitaji. Mwishoni anataja msalaba kwa umbo la ua tu. Jina la Yesu halimo. Na yule anayeutazama ulimwengu kutoka chini, kwenye kimo cha kitanda au kiti, tunajua ni nani, ingawa hakujitaja. Sioni kujihurumia pale. Naona mtu aliyelikagua gugu mpaka likamwonyesha kitu.

Picha yenye shairi pembeni si uvumbuzi wake. Wajapani wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Hili lina uzito, kwa sababu Wakristo nchini humo ni takriban mtu mmoja katika kila mia. Makumbusho ya kazi zake yalifunguliwa Azuma mwaka 1991, kando ya ziwa la bwawa, mbali na miji mikubwa, na mwaka 2005 yakajengewa jengo jipya. Wamekwenda huko mamilioni ya watu, wengi wao wasiokanyaga kanisani. Walichokuta ukutani ni desturi ya kwao wenyewe, ua na maneno machache, nayo imebeba imani ya mtu bila kumdai mgeni chochote mlangoni.

Ukivuka bahari hadi Marekani, mambo yanakaa tofauti. Joni Eareckson Tada alikuwa na miaka 17 alipopiga mbizi kwenye maji mafupi ya Chesapeake Bay, Julai 1967, akavunja shingo. Naye alijifunza kuchora kwa mdomo, kama sehemu ya mazoezi ya kumrudisha kwenye maisha ya kila siku. Baba yake alikuwa msanii, na binti alikulia juu ya farasi. Basi akachora farasi, vilima na mandhari za wazi. Hoshino alichora kilichowekwa mbele ya pua yake. Joni alichora mengi aliyoyabeba kichwani kutoka siku za kukimbia. Chini ya picha zake huweka herufi tatu za kumsifu Bwana, hivyo hakuna anayebaki na shaka ujumbe ni upi. Kitabu chake cha maisha kilitoka mwaka 1976, filamu ikafuata mwaka 1979 yeye mwenyewe akiigiza nafasi yake, na kuanzia hapo ushuhuda ukaitangulia picha. Watu walinunua kadi kwa sababu ya kisa. Nikiulizwa nani mchoraji bora kati ya hawa wawili, nitamtaja Hoshino bila kusita. Lakini katika hoja tuliyonayo, Joni ametufaa kwa jambo ambalo Hoshino hakuligusa sana, nalo ni uponyaji.

Baada ya ajali Joni alikwenda kwenye mikutano ya Kathryn Kuhlman, mhubiri wa uponyaji aliyekuwa na jina kubwa Marekani wakati ule. Taa, nyimbo, watu wakitangaza wamepona. Kabla mkutano haujamalizika, wahudumu wakaja kuwatoa mapema watu wa viti vya magurudumu ili wasizuie njia, naye akajikuta kwenye foleni ya wenzake mbele ya lifti, wote wakirudi kama walivyokuja. Ameisimulia foleni hiyo mara nyingi. Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa injili uwanjani, Dar es Salaam au Nairobi, hahitaji kuelezwa zaidi: wagonjwa na walemavu huwekwa mbele, huombewa kwa sauti, na asiyepona hurudi nyumbani na ulemavu wake pamoja na tuhuma ya imani haba juu yake.

Mtu anayeng'ata penseli na kuanza kuchora mlima baada ya usiku kama ule amelijibu swali la uponyaji kwa namna yake. Hajasema Mungu hawezi kuponya. Amekataa tu kuahirisha maisha mpaka aponywe. Ndiyo maana naona kosa kuzitenganisha picha hizi na mambo ya haki za watu, kana kwamba moja ni la roho na lingine la serikali. Joni huyohuyo wa farasi na vilima alikuwa mjumbe wa baraza la taifa la masuala ya ulemavu wakati Marekani ilipopitisha sheria kubwa ya haki za walemavu mwaka 1990.

Wanateolojia walichelewa kuwafuata wachoraji. Mwaka 1994 Nancy Eiesland, mwanazuoni Mmarekani aliyeishi na ulemavu tangu kuzaliwa, alitoa kitabu kilichouliza jambo ambalo liko wazi kwenye Injili ya Yohana na Luka lakini halikuwa limepewa nafasi: Yesu aliyefufuka aliwaonyesha wanafunzi makovu. Mwili wa utukufu ulikuja na alama za misumari. Kama ufufuo wenyewe haukuyafuta makovu, kwa nini kanisa limuone mwenye mwili ulioumia kama kazi ambayo Mungu hajaimaliza? Wapo wanaopinga hoja yake kwamba inapunguza tumaini la mwili mpya, na sina haja ya kuwaamulia hapa. Ila baada ya kumsoma Eiesland, jani la Hoshino lenye tundu halionekani tena kama uaminifu wa mchoraji kwa alichokiona na basi. Linakuwa hoja ya imani: uumbaji unaosifiwa ni huu uliopo, wenye wadudu.

Maandiko yenyewe hayana sauti moja juu ya hili, na tusijifanye yanayo. Mambo ya Walawi, sura ya 21, inamzuia kuhani mwenye kilema kusogea madhabahuni. Kutoka, sura ya 31, inamtaja Bezaleli aliyejazwa roho ya Mungu ili afanye kazi za sanaa, na hapo halikuulizwa swali la viungo vyake. Ayubu, mwenye majipu mwili mzima, anapojibiwa na Mungu haelezwi sababu ya mateso yake. Anatembezwa kuonyeshwa mbuni, tai, farasi, kiboko, mvua inayonyesha nyikani pasipo mtu. Ni jibu ambalo limewaudhi wasomaji wengi. Wachoraji ninaowazungumzia, nadhani, ni katika wachache waliolipokea kama lilivyotolewa.

Si kila mlemavu aliyechora mandhari alikuwa akiungama imani. Hendrick Avercamp, Mholanzi wa karne ya 17 aliyeitwa bubu wa Kampen, alichora mito iliyoganda na watu wakiteleza juu ya barafu. Ukimbandikia mahubiri utakuwa umeyaleta mwenyewe. Na wale waliokuwa na imani hawakuwa malaika. Kim Ki-chang wa Korea alipoteza usikivu utotoni kwa homa ya matumbo. Wakati wa vita vya Korea, akiwa ukimbizini, alichora picha 30 za maisha ya Yesu akimvika kanzu na kofia ya Kikorea, katika mandhari ya Korea, na miaka ya 1970 akaja na milima na maji yake ya kijani na buluu aliyoichora kwa ulegevu wa makusudi, kama asiyejua kuchora. Mtu huyohuyo analaumiwa mpaka leo nchini kwake kwa picha alizochora kuwaunga mkono watawala wa Kijapani kabla ya 1945. Namtaja kwa makusudi. Simulizi za mimbarani hazina nafasi ya kiziwi aliyechora vizuri, aliyemwamini Mungu na aliyewatumikia wakoloni, kwa kuwa zinamtaka mlemavu awe mtakatifu au awe wa kuhurumiwa.

Fedha nazo zina sehemu yake. Mjerumani Arnulf Erich Stegmann, aliyepoteza matumizi ya mikono kwa polio akiwa mtoto, aliwakusanya wachoraji wenzake wa mdomo na miguu katika miaka ya 1950 wakaunda chama chao chenye makao Liechtenstein. Chama kinauza kadi na kalenda, wanachama wanalipwa, na msimamo wake tangu mwanzo ni kwamba hakiombi sadaka. Si chama cha dini, ingawa kadi za Krismasi ndizo zimekiweka hai. Makanisa yana la kujifunza pale. Tumezoea kumwalika msanii mlemavu aje kutoa ushuhuda, tukamlipa soda na nauli, na picha yake tukaiomba kama zawadi kwa ajili ya mnada wa ujenzi wa kanisa.

Kwetu Afrika Mashariki mizizi ya sanaa kama hii haijakusanyika mahali pamoja, lakini ipo. Elimo Njau wa Marangu hakuwa na ulemavu. Namtaja kwa sababu alituondolea udhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kwenye kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu katika vilima, migomba na vibanda vya Wakikuyu, katika jengo lililojengwa kukumbuka waliouawa wakati wa Mau Mau. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema mandhari yetu haifai madhabahuni, ingawa makanisa mengi bado yanatundika kalenda yenye Yesu wa macho ya buluu. Kwa upande wa fikra, mtandao wa Baraza la Makanisa Duniani unaotetea watu wenye ulemavu ulianza baada ya mkutano wa baraza hilo mjini Harare mwaka 1998 na kuratibiwa kutoka Nairobi na Samuel Kabue, Mkenya asiyeona. Mwaka 2003 ulitoa tamko la kuyataka makanisa yaache kuwaona walemavu kama watu wa kuhudumiwa tu.

Mwaka huohuo, Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana Tanzania ilianzisha Neema Crafts na vijana watatu viziwi. Kazi yao ya kwanza iliyowapa jina ilikuwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kinyesi huoshwa, huchemshwa, nyuzi za majani na magome ambayo tembo hakuyasaga hutenganishwa, hutandazwa kwenye chekeche na kukaushwa. Ukiishika karatasi hiyo juani unaona vipande vya nyasi vimelala ndani yake. Hapo msanii hachori pori juu ya karatasi. Pori limo kwenye karatasi kabla kalamu haijagusa. Kituo kimekua tangu wakati ule, wenye ulemavu mbalimbali wanasuka, wanashona, wanachapa vitambaa, na mkahawa wake unahudumiwa na viziwi, mteja ndiye anayelazimika kuandika anachotaka au kujifunza ishara. Wageni husifu karatasi, na wana haki. Mimi nausifu mkahawa zaidi, kwa sababu pale mzima ndiye asiyejua lugha.

Kinachokosekana ni hatua inayofuata. Mtoto mwenye ulemavu akifika shule ya Jumapili katika parokia nyingi, ataombewa mara kadhaa kabla hajapewa kalamu ya rangi. Akionekana ana kipaji, hakuna mwalimu wa kuchora, hakuna meza inayofikia kimo cha kiti chake, na ngazi za kuingilia kanisani zimembakisha nje na mama yake. Makanisa yetu yana kuta nyeupe ndefu, kamati za ujenzi na sherehe za mavuno ambazo kila mwaka zinapamba madhabahu kwa mahindi, ndizi na maboga. Ni hapo pa kuanzia: mtoto apewe boga moja alitazame wiki nzima, na mtu wa kumchanganyia rangi anavyotaka yeye. Picha ikiwa nzuri itundikwe, ikiwa mbovu aambiwe airudie kama anavyoambiwa mwanakwaya anayeimba nje ya sauti. Na itakapotundikwa, kibandiko kilicho chini yake kitaje jina la mchoraji, jina la mmea na bei.